Intaneti ya mwendo wa kobe: Mwongozo kwa anayehamia mashambani

ANAYEFUNGASHA virago kutoka jijini kuelekea mashambani aghalabu hukumbuka kuuliza kuhusu maji, barabara na usalama. Swali la intaneti humjia baadaye, wakati nyumba imekwisha kujengwa na lori la mizigo limekwisha kurudi Nairobi.

Hapo ndipo hugundua kwamba faili aliyozoea kuituma kwa dakika moja sasa yachukua nusu saa, na kwamba mkutano wa video hukatika kila anapofungua kinywa.

Kwa mtu anayejipatia riziki kupitia mtandao, hilo si suala la starehe. Mwandishi, mhasibu au mfasiri anayewafanyia kazi wateja wa ng'ambo anaweza kupoteza kandarasi kwa kuchelewa mara mbili tatu tu. Mteja hajui kwamba kati ya nyumba na mlingoti wa mawasiliano pana kilima.

Hata asiyefanya kazi hiyo hawezi kukwepa mtandao. Mwanafunzi huomba mkopo wa HELB kupitia kwao, na mlipa ushuru sharti awasilishe taarifa ya mapato yake katika mfumo wa iTax kabla ya Juni 30 kila mwaka, la sivyo atozwe faini isiyopungua Sh2,000.

KIINI CHA TATIZO

Hadi mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu kupitia intaneti. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka wa 2010.

Hata hivyo, kufika kwa nyaya hizo pwani hakukumaanisha kufika kijijini. Nyaya za faiba zilipitishwa kwanza mijini, ambako wateja ni wengi na nyumba zimekaribiana. Mashambani, watu wengi hutegemea mawimbi ya simu za rununu.

Mawimbi hayo hudhoofika kadiri mtu anavyokuwa mbali na mlingoti, na hayapiti katikati ya mlima. Ndiyo sababu anayeishi juu ya ukingo wa Bonde la Kerio anaweza kuvinjari bila shida, ilhali jamaa yake aliye chini bondeni anahangaika kutuma picha moja.

Sababu nyingine ni msongamano. Wote walio karibu na mlingoti mmoja hugawana uwezo wake. Kasi hupungua jioni, watu wanaporejea nyumbani, na huzidi kuzorota msimu wa Krismasi wakati wakazi wa mijini wanapofurika vijijini na simu zao.

Wakati mwingine, kosa halihusiani na kijiji hata kidogo. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota katika mataifa kadhaa ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo.

PIMA KABLA YA KUHAMA

Hatua ya kwanza ni kupima kasi penyewe pale ambapo mtu atakaa, wala si sokoni au kituo cha matatu. Achukue laini za kampuni mbalimbali, apime asubuhi, adhuhuri na saa mbili usiku, kisha alinganishe. Kampuni inayosifika jijini huenda isiwe bora kijijini humo.

Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo, faili ya megabaiti 100 kwenye kasi ya megabiti 1 huchukua sekunde 800, yaani dakika 13 na ushei.

Vilevile, atazame kasi ya kupakia, si ya kupakua pekee. Anayetuma kazi kwa wateja au kushiriki mikutano ya video huihitaji sana, nayo aghalabu huwa ya chini zaidi.

NDANI YA NYUMBA

Paa la mabati na kuta nene za mawe huzuia mawimbi. Mara nyingi, kusogeza simu au ruta hadi kwenye dirisha linaloelekea mlingoti huleta nafuu bila gharama yoyote.

Nafuu isipotosha, kuna ruta zinazotumia laini ya simu na zenye mahali pa kuunganisha antena ya nje. Antena hiyo hufungwa juu ya mti au nguzo, ielekezwe upande wa mlingoti. Fundi aipime huku akiigeuza polepole, kwani tofauti ya nyuzi chache hubadilisha mambo.

Setilaiti nazo zimerudi kwa sura mpya. Zile za zamani huelea takriban kilomita 35,786 juu ya ikweta, hivyo ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, jambo linalotatiza mazungumzo. Setilaiti za Starlink, iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, huzunguka umbali wa kilomita 550 hivi na ucheleweshaji wake ni mdogo mno.

Lakini nazo zina kikomo. Mnamo Novemba 2024, kampuni hiyo ilisitisha kwa muda kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu ya msongamano. Mvua kubwa pia huweza kuvuruga mawimbi yake, na sahani yake huhitaji umeme kila wakati.

Suala la umeme halifai kupuuzwa. Stima ikipotea kwa saa nyingi, betri za mlingoti wenyewe huweza kwisha. Mwenye betri ya akiba au kawi ya jua nyumbani, pamoja na laini ya kampuni nyingine, hana budi kuwa na nafasi bora kuliko anayetegemea njia moja.

KUTUMIA KIDOGO KILICHOPO

Baada ya kupata kasi inayowezekana, kinachobaki ni nidhamu ya matumizi. Simu na tarakilishi hupakua mambo mengi kimyakimya. Masasisho ya programu yazuiwe mchana, na WhatsApp izimiwe uwezo wa kupakua picha na video pasipo kuombwa.

Kazi nzito zifanywe alfajiri au usiku wa manane wakati majirani wamelala. Filamu, masomo ya video na masasisho yakipakuliwa saa hizo, mchana hubaki kwa shughuli za kazi.

Kwenye mikutano, sauti itangulie picha. Mazungumzo ya sauti pekee huhitaji chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, lakini video huhitaji mara kadhaa ya kiasi hicho. Kuzima kamera si utovu wa adabu iwapo wenzako wameelezwa mapema.

Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kutumwa. Kivinjari cha Opera Mini, ambacho hubana kurasa kabla hazijamfikia msomaji, hufaa pale mawimbi ni dhaifu.

Akiba haiozi. Ramani za Google huweza kuhifadhiwa kwenye simu, barua pepe huandikwa bila mtandao zikasubiri kutumwa, na programu ya Kiwix humwezesha mwanafunzi kusoma Wikipedia nzima akiwa hana hata tone la data. Faili ya aina hiyo ipakuliwe mara moja mjini, kisha ibebwe nyumbani.

Isitoshe, si kila huduma inahitaji intaneti. M-Pesa, iliyoanzishwa 2007, hutuma na kupokea pesa mahali palipo na mawimbi ya kawaida ya simu tu.

MAKUBALIANO NA MWAJIRI

Teknolojia pekee haitoshi. Anayehama awaeleze mwajiri na wateja mapema kuhusu hali ilivyo, akubaliane nao kutuma kazi siku moja kabla ya makataa, na ajue saiba au maktaba ya karibu atakakokimbilia mambo yakiharibika. Nauli ya bodaboda ni nafuu kuliko kandarasi iliyopotea.

Iwapo huduma ni duni siku nenda siku rudi, mteja ana haki ya kulalamika kwa kampuni husika, kisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano (CA) asiporidhishwa. Malalamishi yenye tarehe, saa na vipimo vya kasi huwa na uzito zaidi, hasa wanakijiji wakiyawasilisha kwa pamoja.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Anayepanga kuhama Disemba afunge safari ya siku mbili kabla ya hapo, akiwa na simu na laini tatu mfukoni, alale pale pale na apime. Gharama ya safari hiyo ni ndogo, na jibu litakalopatikana litamwonyesha kama kazi yake itahama pamoja naye au itabaki jijini.