Kikao cha Kihariri: Kurejesha Si Kuokoa

Anayetengeneza tovuti hafungui faili moja tu. Ukurasa mmoja mara nyingi huhitaji faili ya HTML, ya CSS na ya JavaScript, pamoja na vipande vinavyotumiwa na kurasa nyingine, hata vichupo vikajaa upana wote wa kihariri. Hali hiyo nzima, yaani faili zipi ziko wazi, zimepangwaje na kishale kimesimama mstari gani, ndiyo Kiingereza huiita session. Napendekeza tuiite kikao, na tuitenge kabisa na maandishi yaliyomo ndani ya faili.

Ushahidi wa kuitenga umo katika programu zenyewe za kuhariri. Vim, aliyoitoa Bram Moolenaar mwaka 1991, ina njia mbili. Amri ya mksession hukumbuka madirisha, vichupo na folda ya kazi, lakini haihifadhi ulichoandika ndani ya faili. Maandishi hulindwa na faili nyingine, yenye kiishio .swp, ambayo kwa kawaida huandikwa kila baada ya herufi 200, au ukiacha kuchapa kwa sekunde 4. Umeme ukikatika, hii ndiyo inayookoa kazi. Ile ya mksession hurudisha mpangilio tu. Emacs nayo ina amri ya recover-session, na hapo neno lilelile linahusu kuokoa maandishi, ilhali mpangilio wa faili umepewa jina la desktop. Kiingereza chenyewe, basi, hakijaamua, na anayetafsiri neno kwa neno hurithi mkanganyiko usio wake.

Kuna atakayesema kwamba tofauti hii imepitwa na wakati. Notepad++ tangu toleo la 6.6 la mwaka 2014, na Visual Studio Code pia, huweza kufungwa bila kukuuliza kama uhifadhi, na ukirudi unakuta vichupo vyote pamoja na maandishi ambayo hayajahifadhiwa. Naona hapo ndipo tofauti inahitajika zaidi. Maandishi hayo yamo katika folda ya akiba ya programu, hayamo katika faili yenyewe. Kivinjari kitaendelea kuonyesha ukurasa wa zamani, na anayenakili folda ya mradi kwenda kompyuta nyingine ataacha nyuma kazi aliyodhani anayo. Amerejeshewa kikao; faili bado haijaguswa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tayari tuna neno kipindi. Neno hilo lafaa mahali muda unapotawala, kama mtu aliyeingia kwenye akaunti ya benki na kutolewa baada ya dakika kadhaa za kimya. Kikao cha kihariri hakina saa ya kwisha. Kina waliohudhuria, ambao ni faili, kina utaratibu, na huweza kuahirishwa kikaendelea baadaye pale kilipoishia. Kwamba kikao ni cha watu si hoja ya kutosha, maana kiini chake ni kitenzi kukaa, na faili zilizo wazi zimekaa kwa mpangilio. Neno sesheni nalo lingetamkika vizuri, lakini halimwambii msomaji lolote.

Menyu ya kihariri cha Kiswahili ingekuwa basi na amri mbili zisizochanganywa: Rejesha kikao, na Okoa maandishi yasiyohifadhiwa. Ya kwanza iruhusu kila mradi kuwa na kikao chenye jina lake, ili vichupo vya tovuti ya duka visichanganyike na vya tovuti ya shule. Ya pili itaje faili moja moja, na imwachie mwandishi aamue ipi ihifadhiwe na ipi itupwe.