Miezi Kabla ya Asilimia: Kijana na Hesabu ya Pensheni Tanzania

Tangu mwaka 2018 mjadala wa pensheni nchini Tanzania umekuwa mjadala wa asilimia. Kanuni za mwaka ule ziliweka malipo ya mkupuo kuwa robo ya mafao. Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli alizisitisha na kuagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Katika bajeti ya Juni 2024 serikali ikakubali asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wakipata nusu. Muda wote huo kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kimesemwa bungeni, kwenye risala za Mei Mosi na vijiweni, na wasemaji wengi ni watu wa miaka hamsini na kitu, wale ambao barua zao za kustaafu zinapigwa chapa. Wenye miaka 24 au 28 wamebaki watazamaji, kana kwamba msiba ni wa jirani. Makala haya yanadai kinyume: kikokotoo kinamhusu kijana kuliko mtu mwingine yeyote, na kipande chake kilichomo mikononi mwa kijana ni idadi ya miezi aliyochangia.

Tuianze hesabu yenyewe, maana wengi huibishania bila kuifanya. Miezi ya uchangiaji inagawanywa kwa 580, kisha inazidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka, wastani unaotokana na miaka 3 bora ndani ya miaka 10 ya mwisho kabla ya kustaafu. Jibu ni pensheni ya mwaka. Asilimia iliyopangwa kwa mkupuo inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja. Inayobaki inagawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi maisha yote ya mstaafu.

Mtumishi mwenye wastani wa shilingi milioni 1 kwa mwezi na miezi 360 anapata pensheni ya mwaka ya takriban milioni 7.45. Kwa asilimia 33, mkupuo ni kama milioni 30.7 na pensheni ya mwezi kama 416,000. Kwa asilimia 40, mkupuo unapanda hadi milioni 37.2, na pensheni ya mwezi inashuka hadi 372,000 na ushee. Kwa hiyo ushindi wa 2024 ulimpa mtu huyu milioni 6.5 za nyongeza mkononi na kumkata shilingi 43,000 na ushee kila mwezi hadi kufa. Tukiacha faida anayoweza kuizalisha kwa mkupuo huo, akiishi zaidi ya miaka 12 na nusu baada ya kustaafu atakuwa amekwishairudisha nyongeza yote. Sasa mchukue mwenzake mwenye mshahara uleule ila miezi 240. Kwa asilimia 33 ileile, mkupuo wake ni milioni 20.5 na pensheni yake 277,000. Miezi 120 iliyokosekana imemnyang'anya milioni 10 za mkupuo na shilingi 139,000 za kila mwezi, na hakuna mgomo wala tamko la chama cha wafanyakazi litakaloirudisha.

Hapa ndipo ushauri unaozagaa mitandaoni unapopwaya. Vijana huambiwa waanze mapema kwa sababu riba huzaa riba. Ushauri huo umetoka kwenye nchi ambako kila mfanyakazi ana akaunti yake, inayokua au kudorora na soko la hisa. Mifuko ya Tanzania haiendeshwi hivyo. Pensheni ya NSSF (mfuko wa sekta binafsi) au PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma) haitokani na riba ya michango yako; inatokana na miezi na mshahara wa mwisho. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: mwezi uliochangiwa ukiwa na miaka 24 una uzito uleule wa mwezi uliochangiwa ukiwa na 58, ingawa bei zake zinapishana mno.

Tazama slipu ya mshahara ya kijana aliyeajiriwa juzi katika kampuni binafsi, kwa shilingi 300,000. Chini ya makato kuna mstari wa NSSF: 30,000. Mwajiri anaongeza 30,000 nyingine, ambazo kijana hazioni. Mstari ule huuangalia kwa kinyongo, kwa sababu 30,000 ni nauli ya daladala ya wiki kadhaa. Lakini kwa fedha hiyo amenunua sehemu 1 ya 580 ya mshahara wa mwaka atakaokuwa nao uzeeni. Tuchukulie hali mbaya kabisa, kwamba thamani halisi ya mshahara wake haitapanda hata kidogo maisha yake yote. Miezi 72 ya mwanzo itakuwa imemkata yeye mwenyewe shilingi 2,160,000, nayo itamletea pensheni ya takriban 447,000 kwa mwaka. Alichotoa kinarudi kabla hajamaliza miaka 5 ya kustaafu. Mshahara ukipanda, na wa wengi hupanda, miezi ileile ya bei chee inathaminiwa kwa mshahara mkubwa.

Basi kwa nini kijana huyo, ajira ikikoma, hukimbilia kuichukua fedha yake? Jibu jepesi ni kwamba haoni mbali. Mimi silikubali. Mfuko uliozaa NSSF, ulioanzishwa Tanganyika mwaka 1964, ulikuwa mfuko wa akiba: unaweka, kisha unarudishiwa kilicho chako. Ulipogeuzwa kuwa mfuko wa pensheni kwa sheria ya 1997, mazoea ya kuuona kama kibubu hayakufutika. Mwaka 2012 sheria ilipojaribu kuzuia fao la kujitoa, yaani kuchukua michango kabla ya kustaafu, wafanyakazi walicharuka, wa migodini wakiwa mstari wa mbele, na serikali ikarudi nyuma. Wachimbaji wale walijua jambo ambalo waandishi wa sheria hawakutaka kulitazama: mkataba wa mgodini hauishi miaka 30, na mtu aliyepunguzwa kazini akiwa na miaka 35 hawezi kumwambia mwenye nyumba asubiri hadi yeye afikishe 55. Sheria ya 2018 ilileta fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18. Ni afadhali kuliko kuachwa mikono mitupu. Ila miezi 6 ni michache kwa mhitimu anayesambaza barua za maombi mwaka mzima.

Kuna dosari nyingine, na hii iko ndani ya fomula yenyewe. Wastani unaangalia miaka ya mwisho kabla ya kustaafu, hivyo unampendelea anayezeekea katika ajira rasmi. Mwanamke aliyechangia miaka 16, akaacha kazi akiwa na 40 kulea mgonjwa na kufungua duka, ametimiza ile miezi 180 inayotakiwa ili kupata pensheni. Lakini mishahara iliyomo kwenye kumbukumbu zake ni ya zamani, imekwishaliwa na mfumuko wa bei. Kuihuisha mishahara hiyo kwa kiwango cha kupanda kwa bei kungefaa vijana wengi kuliko mzozo wote wa asilimia 33 na 40. Sijasikia chama cha wafanyakazi kikiibebea bango.

Na imani nayo ni mtaji. Watumishi wa umma waliofanya kazi kabla ya Julai 1999 hawakuwa wamechangia, na mzigo wa mafao yao uliangukia mfuko wao hadi deni likafika shilingi trilioni 4.6; katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilitoa hatifungani maalumu ya trilioni 2.17 kulipunguza. Kijana anayesoma habari hizo halafu akagundua kwamba mwajiri wake anamkata kila mwezi bila kuwasilisha mchango ana haki ya kuuliza maswali. Kwake yeye, kuchungulia taarifa ya michango kila baada ya miezi michache ni kazi yenye faida kuliko kusaka hisa itakayopaa, kwa sababu mwezi usiowasilishwa haumo kwenye hesabu, hata kama umo kwenye slipu.

Kenya inaonyesha sura ya pili. Huko NSSF humwekea kila mwanachama akaunti yake, na kabla ya Februari 2023 mwajiriwa alikatwa shilingi za Kenya 200 tu, mwajiri akiongeza 200. Miaka 30 ya uchangiaji wa namna hiyo ni shilingi 144,000 kabla ya riba. Kuwahi hakungemsaidia mtu, maana kilichowahi kilikuwa kidogo mno. Sheria ya 2013, iliyoanza kutekelezwa kwa hukumu ya Mahakama ya Rufani, imeweka asilimia 6 kwa kila upande, na hapo ndipo ushauri wa kuanza mapema unapopata nguvu.

Wasio na ajira rasmi, ambao ndio wengi, hutegemea zaidi kiwanja, vikoba na watoto. Kiwanja sikibezi, na hata wenye ajira hukitegemea. Nenda mtaa wowote wa pembezoni mwa Dodoma au Mwanza utaona nyumba ya mwalimu imesimama kwenye lenta, nondo zimeshika kutu, ikingoja mkupuo. Kelele za kikokotoo kwa sehemu kubwa zilitoka kwenye kuta zile: mkupuo umekuwa mkopo wa nyumba unaotolewa mtu akiwa na miaka 60. Kijana aliyeanza kujenga kidogokidogo akiwa na 30 anaweza kupokea mkupuo mdogo bila kinyongo na kuila pensheni kubwa ya mwezi. Kwa maana hiyo kiwanja na mfuko havishindani, mradi fedha ya tofali isitoke kwenye michango iliyochotwa.

Mifuko ingeweza kuanza na jambo dogo. Taarifa inayotumwa kwa mwanachama huonyesha jumla ya michango kwa shilingi, na kijana akiiona milioni 4 huwaza bodaboda. Iongezwe mistari miwili: umekusanya miezi mingapi kati ya 180, na kwa mshahara wako wa sasa miezi hiyo ni pensheni ya shilingi ngapi kwa mwezi. Fomula ipo, kumbukumbu zipo, na kompyuta zinazokokotoa mafao ya mstaafu zinaweza kumkokotolea na aliyeajiriwa mwaka jana.