Kutia rangi vazi la sufu

Kutia rangi vazi la sufu nyumbani ni kubadili rangi ya sweta, skafu au shali iliyokwisha kufumwa kwa kuipasha moto ndani ya maji ya rangi. Nyuzi za sufu ni protini iitwayo keratini, hivyo hushika vizuri rangi za asidi, ambazo pamba haizishiki. Siki kidogo hutosha kuisaidia rangi kuingia.

Vazi huoshwa na kulowekwa hadi lilowe kabisa. Sufu kavu hushika rangi kwa mabaka. Vazi hutiwa katika sufuria kubwa isiyotumika tena kwa chakula, maji ya rangi yakiwa vuguvugu, kisha moto huongezwa polepole hadi yakaribie kuchemka. Hapo huachwa nusu saa au zaidi, mpaka maji yawe maangavu.

Hatari kubwa si rangi bali joto la ghafla na mkono usiotulia. Unyoya wa kondoo una magamba madogo. Ukikorogwa kwenye maji ya moto hunasana, vazi likasinyaa na kuwa gumu, wala halirudi. Kwa hiyo huachwa lipoe humo humo.

Kabla ya mkemia William Henry Perkin kugundua rangi ya zambarau ya maabara mwaka 1856, rangi zilitokana hasa na mimea, wadudu na madini. Maganda ya vitunguu pamoja na shabu bado hutoa rangi nzuri ya dhahabu. Bitiruti husifiwa bure: hufifia upesi.

Rangi nyeusi haifunikwi na nyeupe, na uzi wa kushonea wa poliesta hubaki ulivyokuwa.