Homa Iliyokuja na Basi la Butembo

Ijumaa, 12 Julai 2019, basi liliondoka Butembo, mashariki mwa Kongo, kuelekea kusini. Ndani yake, pamoja na dereva na abiria wengine 18, alikuwamo mchungaji mmoja aliyekuwa anaumwa tangu siku tatu nyuma. Alikuwa amekwenda Butembo kuhubiri, na huko, kama ilivyo kazi ya mchungaji, aliwawekea wagonjwa mikono na kuwaombea. Njiani kulikuwa na vituo vya kukagua afya kwa sababu ya Ebola: watu wanashuka, wananawa kwa maji ya klorini, wanaelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso, wanaandikwa majina. Alipita vituo vitatu. Hakuna kilichomtilia shaka, na majina aliyoyatoa hayakuwa yale yale. Jumapili asubuhi, tarehe 14, akawa yuko Goma.

Ili kuelewa jinsi homa ya mtu huyu ilivyoweza kuonekana ya kawaida, tuliangalie kwanza neno lenyewe. Kwa Kiswahili, homa ni joto la mwili, na ni malaria, na ni mafua makali. Iko homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo. Mtu wa Goma akiamka mwezi wa Julai kichwa kikimgonga, viungo vikimuuma na koo likiwasha, husema ana homa, na mara nyingi hakosei. Julai ni kiangazi, vumbi la mawe meusi ya volkano linapanda kila pikipiki au gari likipita, na asubuhi upepo wa ziwa Kivu ni baridi. Nyumba isiyo na mtoto anayekohoa ni ya kutafuta. Malaria haiendi likizo. Mwaka huo huo wa 2019 surua ilikuwa inaenea nchi nzima, nayo iliua Wakongo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo, idadi iliyoipita Ebola mbali. Katikati ya homa zote hizo, muuguzi wa kituo kidogo cha afya aijuaje ile moja?

Swali hili Kongo imelibeba tangu 1976. Mwishoni mwa Agosti mwaka ule, mwalimu wa shule ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, alikwenda hospitali ya masista akiwa na homa. Wakaona ni malaria, wakamchoma sindano ya klorokwini. Homa ikashuka, watu wakashukuru. Siku chache baadaye ikarudi, na tarehe 8 Septemba mwalimu akafariki. Hospitali ile ilikuwa inagawa sindano tano tu kila asubuhi, zinatumika kwa mgonjwa huyu na yule, zikisuuzwa tu katikati. Hivyo waliokuja kutibiwa malaria zao za kawaida waliondoka na kitu kingine. Kabla mlipuko haujaisha walikuwa wameugua watu 318, na 280 kati yao wakafa.

Daktari kijana kutoka Kinshasa, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kwenda kuangalia. Alifikiria homa ya matumbo. Wengine walitaja homa ya manjano. Akawatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glavu, maana hazikuwapo. Alipochomoa sindano akaona jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona: pale ilipoingia, damu haikukatika. Ilitiririka ikamlowesha vidole. Akanawa kwa sabuni, na huenda sabuni ile ndiyo iliyotuachia Muyembe. Alirudi Kinshasa pamoja na sista mmoja aliyekuwa mgonjwa, damu ya sista ikasafirishwa mpaka Antwerp, Ubelgiji, na huko virusi vipya vikaonekana. Wakaviita kwa jina la mto wa upande wa Yambuku, Ebola.

Mtu angedhani baada ya hapo ingetambulika haraka. Haikuwa hivyo. Mwaka 1995 huko Kikwit watu walikufa kwa wiki nyingi huku ikidhaniwa ni kuhara damu. Mfanyakazi wa maabara alipasuliwa tumbo kwa kudhaniwa ana homa ya matumbo, na waliompasua na kumuuguza nao wakaanza kuanguka. Muyembe akaitwa tena. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Mangina, karibu na Beni, hapa hapa Kivu ya Kaskazini: vifo vilitangulia, jina likaja baadaye, tarehe 1 Agosti.

Madaktari wa Yambuku, Kikwit na Mangina hawakuwa wazembe. Ebola yenyewe huanza kwa kuazima sura. Siku za kwanza ni joto, uchovu wa kukulaza, kichwa, misuli, koo. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo iliyo yake peke yake. Kutapika na kuhara hufuata siku kadhaa baadaye, na damu ambayo kila mtu anaijua kwa kusikia haitoki kwa wagonjwa wengi. Anayeisubiri aione ndipo aamini, atakuwa amechelewa. Hata kipimo cha malaria kikitoa jibu la ndiyo hakimalizi mjadala, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Kinachotofautisha, basi, hakipo mwilini. Kipo barabarani. Umetoka wapi ndani ya siku 21? Ulimuuguza nani? Ulikwenda msiba gani, na ulimwosha maiti? Mafua humkuta yeyote aliyekaa karibu na mwenye kikohozi. Ebola hupita kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, na aliyeambukizwa haambukizi wengine kabla hajaanza kuugua. Kwa hiyo historia ya homa ni ya lazima kama homa yenyewe, na historia hutolewa na mgonjwa kwa hiari yake.

Hapo ndipo Kivu palipokuwa pagumu. Watu wa Beni na Butembo walikuwa wamechinjwa na makundi yenye silaha kwa miaka bila kuona msafara wa magari ukija kuwaokoa. Sasa magari yalikuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 wakaambiwa hawatapiga kura ya rais pamoja na Wakongo wengine, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Wengi wakasema Ebola ni biashara, au ni siasa. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Katika hali hiyo, kumwambia mkaguzi wa barabarani kwamba nimetoka kuwashika wagonjwa kulihitaji imani ambayo haikuwapo. Ninapomfikiria mchungaji yule na majina yake tofauti, siwezi kumhukumu.

Alipofika Goma alikwenda kituo cha afya, na safari hii barabara yake ilisomwa. Homa, pamoja na Butembo, vikatosha kuwapa wasiwasi. Siku hiyo hiyo maabara ikathibitisha. Jumatatu dereva na abiria wakawa wametafutwa na kuanza kuchanjwa, naye mchungaji akapakiwa arudishwe Butembo kwenye matibabu, akafariki njiani. Tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa, kwani Goma ulikuwa mji wa zaidi ya watu milioni moja, wenye uwanja wa ndege, na Gisenyi ya Rwanda iko ng'ambo ya kizuizi tu. Pale mpakani, Petite Barrière, wanawake wenye ndizi na nyanya kichwani walisimama foleni mbele ya ndoo zenye bomba dogo, wakatua mzigo, wakanawa, wakainua paji la uso kupimwa, wakajitwisha tena.

Kutokana na mchungaji, hakuna mtu wa Goma aliyeugua. Mgonjwa wa pili wa Goma ndiye aliyeonyesha upande mwingine wa jambo. Alikuwa mchimba dhahabu aliyerudi kutoka jimbo la Ituri tarehe 13 Julai, siku moja kabla ya mchungaji, akiwa mzima. Homa ilimshika tarehe 22. Akatibiwa nyumbani kwanza, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Alipofikishwa kituo cha Ebola zilikuwa zimepita zaidi ya siku saba, na tarehe 31 akafa. Ugonjwa ukathibitishwa ndani ya familia yake.

Siku zile zina uzito wake, na wakati huo huo ndipo ulipopimwa. Tangu Novemba 2018 wagonjwa wa Kivu na Ituri walikuwa wakishiriki jaribio la dawa nne. Tarehe 9 Agosti 2019 lilisimamishwa mapema, kwa kuwa mbili zilikuwa zimezishinda nyingine waziwazi. Moja kati ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Kwa waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, dawa hizo mbili ziliwaokoa takriban tisa kwa kila kumi. Ilionekana pia kuwa kila siku moja ya kukaa nyumbani na homa iliongeza uwezekano wa kufa.

Tarehe 13 Agosti mjane wa mchimba dhahabu na mtoto wao mdogo wa kiume walitoka kituoni Goma wakiwa wamepona. Muyembe alikuwapo, sasa mzee wa miaka 77 aliyekabidhiwa kuongoza mapambano yote. Miaka 43 ilikuwa imepita tangu aoshe damu ya Yambuku mikononi.