Kabla ya LinkedIn kulikuwa ADAPES

Kuna swali moja ninasikia kila mwaka kwa wale wenye wametoka kumaliza masomo: hii LinkedIn inasaidia nini? Mtu anafungua konti, anaweka foto yake na toge, anaandika cheo cha diploma, kisha anangojea. Miezi sita inapita, kimya. Mimi nimesomea historia, basi nitajibu kwa njia ninayoijua.

Tutoke kwanza kwenye simu. Mwaka wa 1925, pale Léopoldville, padri Raphaël de la Kethulle, yule mwenye stade Tata Raphaël ya Kinshasa inabeba jina lake, alianzisha ADAPES, chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut. Wakati ule hakukuwa universite hata moja katika inchi. Lovanium ilifungua mlango 1954, ile ya Elisabethville 1956. Aliyemaliza shule alikuwa karani, mwalimu ao muuguzi, na juu yake alikaa Mbelgiji. Njia ya kupanda ilikuwa fupi sana. Basi watu wakakutana kwenye vyama vya namna hiyo, na kuanzia 1945 wakawa na gazeti, La Voix du Congolais, na Antoine-Roger Bolamba kuwa mhariri mkuu. Tusijidanganye, serikali ya ukoloni ndiyo ilikuwa nyuma ya gazeti lile na jicho lake halikulala. Lakini karani wa Stanleyville aliweza kusoma mawazo ya karani wa Léopoldville mwenye hajamuona hata siku moja na macho. Lumumba, akiwa mtu wa posta kule Stanleyville, aliandika ndani yake na akaongoza vyama vingi vya mji ule. Na mbele ya kundi moja la namna hiyo, UNISCO, ndipo Kasa-Vubu alitoa hotuba yake ya 1946 juu ya haki ya wale waliofika kwanza katika udongo.

Sasa angalia vizuri. Wale watu hawakukutana ili kuonyeshana diploma tu (ingawa kujionyesha kulikuwapo, wanadamu ni wanadamu). Kila mmoja alikuja na kitu: makala, habari ya kazi, malalamiko juu ya mshahara. Mwenye kukosa mkutano alijua amekosa kitu.

LinkedIn ilijifunza jambo hilo pole pole, tena kwa shida. Reid Hoffman na wenzake waliifungua tarehe 5 Mei 2003, kule California. Siku zingine za mwanzo waliingia watu 20 tu. Shida ilikuwa wazi: unaingia, haumuoni mtu unayemjua, unatoka. Ni sawa vile kufika kwenye karamu kabla ya wageni wengine. Dawa yao ya kwanza ilikuwa kukuruhusu kuleta orodha ya anwani zako za barua pepe, ili uone nani tayari yuko ndani. Mwaka wa 2005 wakaongeza matangazo ya kazi, na 2006 ile sehemu inayokuambia "huenda unamjua mtu huyu." Kifaransa kilikuja 2008. Kwa maoni yangu hatua kubwa zaidi ni ya 2014, walipofungulia kila mwanachama njia ya kuandika makala yake. Toka pale haikuwa tena kabati la CV.

Lakini kuwavuta watu si sawa na kuwasaidia. Kampuni hiyo ilikuwa ikituma barua pepe za kukumbusha mara kwa mara kwa jina la wanachama wake, mpaka wakaishitaki. Mwaka wa 2015 ikakubali kulipa dola milioni 13 ili kumaliza kesi. Na Viadeo je, ile ya Wafaransa, iliyozaliwa 2004? Ilihesabu mamilioni na mamilioni ya wanachama, ikaingia soko la hisa la Paris 2014, na kufika 2016 iko mbele ya tribinali, gazeti Le Figaro likainunua. Hesabu ya majina haikuiokoa.

Kuna jambo lingine ambalo sisi Wakongomani tunapaswa kulitafuna. Mwaka wa 1973 mwanasosiolojia Mark Granovetter alichapisha uchunguzi wake juu ya watu waliopata kazi kupitia mtu fulani, karibu na Boston. Asilimia 16,7 tu walikuwa wakionana na mtu yule mara nyingi. Asilimia 55,6 walionana naye mara moja moja, na 27,8 kwa nadra sana. Juu gani? Ndugu yako na rafiki yako wa kila siku wanajua habari zilezile unazozijua wewe. Mwaka wa 2022 uchunguzi mwingine, uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe kwa watu zaidi ya milioni 20, ulionyesha karibu vilevile: wanaosaidia zaidi ni wale wa katikati, si wa karibu sana, si wa mbali kabisa.

Na sisi? Tukitafuta kazi tunaanza na mjomba, kisha mtu wa kabila, kisha mtu wa kanisa. Mjomba akikosa, tunasema inchi imeharibika. Inchi iko na shida, ndiyo, na mahali pengine kazi inauzwa waziwazi. Lakini yule mliyefanya naye staji wiki tatu, ao yule wa promosio ya nyuma aliyehamia Kolwezi, nani anamuandikia? Tunamkumbuka siku ya kuomba tu, na yeye anaona hivyo.

Ndiyo maana ninaleta pendekezo kwa chama chetu. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja juu ya kitu kimoja anachojua kufanya: kupima udongo wa shamba, kuandaa mahesabu ya duka dogo, kujaza dosiye ya bourse bila kukataliwa. Mimi nitaanza, juu ya namna ya kusoma barua za makarani wa zamani katika arshivi, mwandiko wao na vifupisho vyao. Itakuwa hapa Jumamosi.