Istilahi za Mikataba ya Kiingereza katika Kirusi, 1993–2015

Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, mikataba ya kibiashara ya Kiingereza ilimiminika Urusi. Wafasiri walikuta kwamba Kirusi hakikupungukiwa na maneno. Kilichokosekana ni dhana za kisheria za kuyabeba maneno hayo, kwa kuwa sheria ya Kirusi ni ya mapokeo ya Ulaya bara.

Mfano ulio wazi zaidi ni neno trust. Katika sheria ya Kiingereza umiliki hugawanyika: mdhamini ndiye mmiliki wa mali kisheria, ilhali manufaa ni ya mwingine. (Kiswahili nacho kina utata wake hapa, maana humwita mdhamini pia yule anayesimamia deni la mwenzake.) Desemba 1993, amri ya Rais Boris Yeltsin ilililikopa neno hilo, trast, sambamba na tafsiri yake, doveritelnaya sobstvennost, yaani “umiliki wa kuaminiana”. Sehemu ya pili ya Kanuni ya Sheria za Kiraia, iliyoanza kutumika Machi 1996, ilibakiza kivumishi na kubadili nomino: doveritelnoye upravleniye, “usimamizi wa kuaminiana”. Kifungu cha 1012 kikatamka kwamba kukabidhi mali kwa namna hiyo hakuhamishi umiliki wake. Kwa hiyo, mfasiri anayeiweka istilahi hii mahali pa trust humvua mdhamini umiliki wake bila kusema.

Neno indemnity lilikuwa na hatari kubwa zaidi. Ni ahadi ya kufidia hasara hata kama aliyeahidi hakuvunja mkataba. Tafsiri ya vozmeshcheniye ubytkov ilikubalika kikamusi, lakini ubytki, kwa mujibu wa kifungu cha 15, hutokana na haki iliyovunjwa. Mdai alijikuta akitakiwa kuthibitisha uvunjaji, jambo ambalo ahadi hiyo ilikusudiwa kuliepuka, na angeweza kupoteza madai yake kwa sababu ya nomino moja. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2015 yaliliacha neno hilo. Kifungu kipya cha 406.1 kinatumia poteri, neno la kawaida la “upotevu”, na kinahusu hasara zisizotokana na uvunjaji wa mkataba. Chaguo hilo lilikuwa la busara: neno lisilo na historia ndefu ya kisheria ni rahisi kupewa maana mpya.

Marekebisho hayohayo yaligusa jozi ya representations na warranties, iliyozoeleka kuandikwa zayavleniya i garantii, “matamko na dhamana”, ingawa garantiya tayari lilikuwa na kazi nyingine, hususan katika dhamana za benki. Kifungu cha 431.2 kilichagua neno moja, zavereniya, lenye mzizi vera, “imani”, uleule uliomo katika doveritelny. Tofauti ambayo wanasheria wa Kiingereza huijadili kwa kina ikakosa nafasi katika istilahi hiyo. Mfasiri aliyeendelea na jozi ya zamani alimwachia hakimu kazi ya kuamua iwapo maneno hayo ni zavereniya za kisheria au ni matamko tu.