Wekundu wa Shanga na Wekundu wa Macho



Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wetu wa pwani, wa kiume au wa kike, amekwenda kusomea uchoraji wa mabango, wa vitabu, wa nembo na wa nguo. Ni kazi ya halali na yenye heshima. Huko chuoni hufunzwa kupanga herufi, kupima nafasi na kuchanganya rangi. Kisha mwalimu humwambia jambo moja ambalo aghalabu kijana huliona dogo: kabla hujachora, mjue atakayetazama.

Makusudio ya makala haya ni kumwonyesha kijana huyo, na wazee wake pia, kwamba neno hilo si dogo, wala si elimu mpya iliyoteremshwa bandarini juzi. Wazee wetu waliijua na wakapata faida kwayo. Na mahali ilipokosekana, roho za watu zimekuwa hatarini. Ushahidi wetu tutautafuta mbali na bahari, katika nchi ya Shinyanga na Geita, nchi ya Wasukuma na jirani zao, ambayo wengi wetu huisikia kwa pamba yake, almasi ya Mwadui na dhahabu.

SHANGA ZA MSAFARA

Katika karne ya 19, misafara ilitoka Bagamoyo ikachukua miezi kufika Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, na kutoka hapo njia nyingine zilikwenda kaskazini hadi Usukuma na ziwani. Wapagazi walibeba merikani iliyofumwa Marekani, kaniki, nguo za Maskati, nyaya za shaba, na mizigo ya shanga zilizochomwa katika matanuri ya Venice, huko Italia.

Mtu mgeni angedhani kwamba shanga ni shanga, na kwamba yeyote apewaye atafurahi. Haikuwa hivyo hata kidogo. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akijitayarisha Unguja kwa safari ya kumtafuta Livingstone, ilimbidi awaulize wafanyabiashara wa Kiarabu anunue nini, maana yeye hakujua. Akafunzwa kwamba shanga nyekundu, zilizoitwa samisami, ndizo zilizotakiwa Unyamwezi, na nyingine zote zingekataliwa huko. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, na kwingine hazikuwa na thamani. Zile kubwa mfano wa yai, sungomaji, zilipendwa Ujiji. Nyeupe zilipokelewa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Msafara uliokosea rangi ungeweza kuwa na mzigo mkubwa wa mali, na watu wake wakalala na njaa.

Tazama hikima iliyomo humo. Fundi wa Venice hakupata kuiona Tabora maisha yake yote. Mwanamke wa Kinyamwezi hakujua Venice iko wapi. Lakini akikataa rangi fulani, habari hiyo ilirudi na msafara hadi pwani, ikapanda jahazi hadi Unguja, ikavuka bahari, na mwisho ikamfikia mwenye tanuri. Aliyeziunganisha ncha hizo mbili alikuwa mfanyabiashara wa pwani, aliyejua kuuliza na kukumbuka. Hakuthubutu kumwambia mteja wake kwamba rangi aipendayo si nzuri.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Njia hizo hizo za biashara zilipitisha pembe za ndovu, na zilipitisha watumwa pia. Kulijua jicho la mwenzio ni ustadi, na ustadi waweza kutumika kwa uadilifu au kwa dhuluma. Msafiri wa shanga aliuliza kwa ajili ya faida yake. Mchoraji wa leo, tunayemtaka awe mtu wa adabu, hana budi kuuliza kwa ajili ya haki ya yule atakayetazama.

WEKUNDU ULE ULE, MAANA NYINGINE

Sasa tuutazame wekundu huo mahali pengine, katika nchi hiyo hiyo na kwa jamaa wa watu hao hao, maana Wasukuma na Wanyamwezi ni ndugu wa karibu kwa lugha na kwa mila.

Wekundu uliopendwa shingoni umekuwa ni msiba ulipoonekana machoni. Katika vijiji vya Shinyanga na Mwanza, bibi kizee mwenye macho mekundu ametuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho yake tu. Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameeleza hesabu zilizokusanywa na Serikali: baina ya mwaka 1970 na 1984, watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani.

Na macho hayo yalikuwa mekundu kwa nini? Sababu moja iko jikoni. Sehemu kubwa ya miti ya Shinyanga ilikatwa, hasa katika miaka ya utawala wa Kiingereza, ili kumfukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Kuni zilipoadimika, akina mama walipika kwa samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba, na moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyekaa mbele ya moshi huo miaka 40 au 50, akiwalisha watoto na wajukuu, macho yake hugeuka mekundu. Kwa hiyo alama iliyosomwa kuwa ni ya uovu, kwa hakika ilikuwa ni alama ya utumishi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI, na desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, yaani malisho na miti iliyohifadhiwa, ikafufuliwa. Miti ikarudi katika maeneo mengi.

Wala tusidhani ujinga ni wa bara peke yake. Nasi pwani tunalo jicho tunaloliogopa, na wapo bado wanaompaka mtoto wanja kwenye paji la uso ili kumkinga na hasidi. Kila watu wana mambo wanayoyasoma machoni.

Ewe kijana unayesomea uchoraji, hapa ndipo somo lako lilipo. Tuseme umeagizwa kuchora jalada la kitabu cha hadithi au bango la mchezo, na ndani yake yumo mchawi. Mkono wako, kwa mazoea, utamchora ajuza aliyekunjamana, na macho utayatia rangi nyekundu ili atishe. Ukiwa Dar es Salaam waweza kuona ni mzaha. Lakini bango hilo likibandikwa kwenye mti wa gulio kijijini Shinyanga, umekwisha toa ushahidi dhidi ya bibi asiyekujua wala asiyeweza kukujibu. Hukusema neno, ila rangi yako imesema.

UKANDA WA DHAHABU

Katika ukanda wa dhahabu kumezuka balaa jingine la namna hiyo. Tangu mwaka 2006 na 2007, habari za mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino zilianza kusikika sana kutoka mikoa ya ziwani, Shinyanga na Geita zikiwemo, kwa sababu ya uwongo kwamba viungo vyao huleta utajiri katika machimbo na uvuvi. Hapa tena ngozi ya mtu imesomwa kama alama, naye mwenyewe akasahauliwa.

Mchoraji anayetaka kuwatetea aweza kuongeza madhara bila kukusudia. Akimchora mwenye ualbino kama kiumbe wa ajabu, au kama malaika mweupe anayeng'aa gizani, amekubaliana na mganga kwamba huyu si mtu kama watu wengine. Yafaa achorwe kama alivyo: mwanafunzi aliyevaa kofia pana kujikinga na jua, baba aliyempakata mwanawe, fundi kazini kwake. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Karatasi za kura zetu huwa na picha za wagombea. Basi uso wake ulikuwa hapo baina ya nyuso nyingine, mtu akiomba imani ya watu. Ni vigumu kupata picha iliyo bora kuliko hiyo.

NJIA NI KUULIZA

Pengine kijana atasema: nitajuaje mambo yote haya, nami sikuzaliwa huko? Jawabu ni lile la msafiri wa shanga: uliza, na uliza kabla ya kufunga mzigo.

Mfano mwema tunao katika nchi hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, Serikali ya Tanzania pamoja na UNESCO waliendesha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, makao yake Mwanza, katika mikoa minne ya ziwa: Mwanza, ambayo wakati huo Geita ilikuwa wilaya yake, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Waliouendesha hawakuandika kitabu kimoja cha watu wote. Mkulima wa pamba alitungiwa kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, wa migomba cha ndizi, mfugaji cha ng'ombe, na akina mama kitabu cha mambo ya nyumbani. Mtu mzima alifungua ukurasa akaikuta kazi ya mikono yake mwenyewe, ikamtia hamu ya kusoma. Nchi nzima ikaendelea na kampeni, na hesabu za Serikali zikaonyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa asilimia 39 mwaka 1975, walishuka hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Na kuuliza kunahitaji unyenyekevu, kwa kuwa jibu laweza kumshangaza mchoraji. Huko Nepal, mwaka 1976, wachunguzi waliwaonyesha watu wa vijijini zaidi ya 400 picha za namna mbali mbali, wakawauliza wanaona nini. Ikadhihirika kwamba michoro iliyorahisishwa mno, ile ambayo aliyesoma huiona wazi kabisa, ndiyo iliyowatatiza watazamaji zaidi. Watu hao hawakuwa wajinga. Hawakupata kufunzwa alama hizo tu. Nasi tuwafikirie wachimbaji wadogo wa Geita wanaoshika zebaki kwa mikono yao: bango la kuwatahadharisha litawafaa nini ikiwa limesomeka ofisini likawa fumbo machimboni?

MIZANI NI MOJA

Sisi Waislamu tunajua uchungu wa kuchorewa na mtu asiyeuliza. Mwezi wa Januari 1994, kampuni ya mavazi ya Chanel ilionyesha mjini Paris nguo iliyobuniwa na Karl Lagerfeld, yenye maneno ya Qur'ani yaliyotariziwa kifuani. Mwenyewe alisema alidhani ni shairi la mapenzi. Masheikh wa Indonesia walilalamika, Waislamu kwingine wakaghadhibika, na kampuni ikaomba radhi, nguo zikaharibiwa. Bwana yule hakuwa na kisingizio. Paris haikukosa watu wanaosoma Kiarabu. Angemwita mmoja, akauliza swali moja, jambo lingekwisha kabla ya kuanza.

Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini mizani ni moja, haiwi nzito kwa wengine na nyepesi kwetu. Tukitaka maneno yetu matukufu yasigeuzwe mapambo, basi nasi tusizigeuze alama za wenzetu kuwa mchezo, wala tusiuchore uso wa bibi wa Kisukuma kwa namna ambayo tusingependa achorwe bibi yetu. Ewe mama msomaji, wewe walijua hili kuliko wanachuoni: hununui kanga ya zawadi kabla ya kusoma jina lake, kwa kuwa wajua kwamba maua yale yale, yakiwa na maneno mengine, yaweza kuvunja udugu wa miaka.

Basi mwanao akirudi likizo na michoro yake, usimwambie tu kwamba ni mizuri. Muulize: hii itatazamwa na nani? Umemwonyesha? Alisema ameona nini? Akikosa jawabu, mrudishe akaulize, maana rangi ikisha kauka ukutani, huwezi kuikimbilia kila anayepita ukamweleza ulivyokusudia.

Mwenyezi Mungu aijaalie mikono ya vijana wetu itende haki kabla ya kutafuta sifa, na awahifadhi mabibi wa Shinyanga, na wanyonge wote wanaohukumiwa kwa macho ya watu. Amin.